Nambari 417 za Ofisi Mbili

Krrr, krrr. Nilisikia printa ikikoroma kabla sijafungua mlango wa ofisi yetu ya vibali vya mifugo hapa Garissa. Nani anachapisha, na kompyuta ni yangu?

Alikuwa Guleid, karani mwenzangu, ameshika nakala ya kibali: ngamia jike aliyeokotwa Habaswein, hereni ya sikio nambari 417, akabidhiwe Kerrow, mfugaji wa hapa Garissa. Kwenye benchi alikaa Qali, mfugaji kutoka Hulugho.

"Wangu ana mistari mitatu begani," alikuwa akisema. "Hata aliyenipigia simu kutoka Habaswein ameiona."

"Huyo ni wa eddo Qali," nikamwambia Guleid, nikimtaja mama huyo kwa heshima ya shangazi. "Jana asubuhi nilimwona kwenye kompyuta hii kwa jina lake. Nani amekuhonga?"

"Mimi? Nimeandika 417, jina likaja. Wewe ndiye umeweka programu moja mara mbili kwenye mashine moja. Wallahi, mwizi wa kawaida ana mfuko mmoja, wewe una miwili!"

Qali akatutazama kwa zamu, kama anayechagua yupi mwongo zaidi.

Iliniuma. Seva ya Hulugho inakubali toleo la zamani la programu tu, ya Garissa toleo jipya tu, na jana jioni niliyakalisha yote mawili kwenye kompyuta moja ya Linux, bila kufundishwa na mtu. Nikayafungua yote nimwaibishe Guleid.

Yote yakasema Kerrow.

"Ehe, profesa?"

Nikakagua kila toleo linasoma wapi. Folda moja! Kumbukumbu za toleo jipya zilikuwa zimefuta za toleo la zamani, na kila ofisi ina 417 yake. Ulihitajika mstari mmoja tu wa amri wa kulipatia toleo la zamani folda yake. Jana sikuuandika.

Nikauandika sasa, nikalifungua upya. Likavuta kutoka Hulugho: 417, jike, mistari mitatu begani, Qali.

"Chapa ya marehemu baba," akasema Qali. "Lakini Kerrow ameshaondoka na kibali, na lori analo. Nani atamfuata? Nyinyi mnaolaumiana?"

Guleid hakucheka. Angecheka, ingekuwa nafuu.

"Mimi, eddo. Kosa ni langu, si la Guleid. Napiga simu Habaswein sasa hivi wamzuie ngamia, kisha napanda gari. Nitayasema haya haya mbele ya Kerrow, na sirudi nyumbani kabla hujaishika kamba yake kwa mkono wako."