Mchezo wa Pumzi Moja

Kwa siku nne Kabagwira aliutazama mchezo ule bila kuuelewa. Alikuwa mfamasia, na jambo lisilo na kanuni lilimkera.

Runinga ya jimu ilitundikwa juu ya mashine za kukimbilia, sauti imezimwa kwa sababu ya muziki. Wanaume saba upande huu wa mstari, saba upande ule. Mmoja anavuka peke yake, anaruka huku na huku, anamgusa mtu, anarudi kwao mbio. Hakuna mpira wala goli.

"Régis, hawa wanagombania nini?"

"Hii mchezo iko ya Wahindi, dada," alijibu Régis, mkufunzi wa jimu, aliyekulia Bujumbura na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Watu wazima wanakimbizana, na wanalipwa! Mimi mama alinichapa kwa mambo kama hii."

Alicheka, mpaka macho yake yalipoangukia mashine ya tatu. Ilikuwa mashine ya Shami, mdogo wake Kabagwira. Alhamisi Shami alimaliza kukimbia, akakaa sakafuni, akafumba macho, na mpaka leo hajayafumbua. Siku mbili kabla yake, mzee Cyriaque, fundi saa wa mtaa wa Rwezamenyo hapo Kigali, alilala vivyo hivyo hapo hapo. Sasa walikuwa wodi moja. Damu safi, moyo sawa, picha za kichwa hazikuonyesha kitu. Madaktari walisema wasubiri. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, na kabla ya saa hiyo Kabagwira hakuweza kukaa nyumbani. Akaja kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote na kutazama mchezo.

Jumatatu hiyo, saa kumi na moja, kanuni ilimjia. Aliyeguswa hutoka, ila tu kama mgusaji amefaulu kurudi kwao. Na midomo ya mgusaji haitulii tangu avuke mstari: anarudiarudia neno moja bila kuvuta hewa. Pumzi ikimkatikia ugenini, amekwisha. Wakimkamata wakamzuia, yeye ndiye anayetoka, na mmoja wa waliotoka anarudi uwanjani. Aliyetangulia kutoka hutangulia kurudi. Aliihakiki mara sita. Haikukosea hata mara moja.

Midomo. Kabagwira akaacha kukanyaga. Alhamisi, alipokuja kumchukua Shami, alipishana mlangoni na mtu ambaye midomo yake ilicheza vivyo hivyo.

"Régis, yule bwana wa koti la kijivu, asiyefanya mazoezi. Alikuja lini?"

"Yule wa kusalimia? Jumanne. Halafu Alhamisi. Anapana mkono, anaenda zake. Mtu wa adabu kabisa."

"Alimpa nani mkono?"

"Jumanne, mzee Cyriaque. Alhamisi..." Régis akaitazama mashine ya tatu. "Alhamisi, Shami. Mimi nilikuwa nimebeba vyuma, nikamwitikia kwa kichwa tu."

"Na alikuwa anasema nini?"

"Midomo inacheza tu. Na hii muziki, nani atasikia?"

Aingiaye mahali penye watu hutoa mkono, na Kigali nzima hakuna aliyelelewa vizuri anayeuacha mkono wa mtu hewani. Shami asingeweza. Kabagwira alijiambia kwamba matukio mawili hayathibitishi kitu. Alikuwa bado anajiambia hivyo mlango ulipofunguka.

Kwenye runinga, mchezaji alivuka mstari. Mlangoni, mtu wa koti la kijivu alivuka kizingiti. Midomo yake ilikuwa inacheza. Aliitazama mikono ya Régis, ikiwa mitupu, akamwendea huku amenyoosha mkono.

Kabagwira akajitia katikati, akaupokea yeye. Mkono ulikuwa mkavu, hauna joto wala baridi. Aliushika kama adabu inavyotaka, wa kulia katika wa kulia, wa kushoto juu ya kigasha. Mgeni akatikisa mara moja, akageuka kurudi alikotoka. Kabagwira hakuachia.

"Dada!" Régis alisema. "Muachie mtu, unatuaibisha."

Mgeni alivuta. Nguvu yake ilikuwa kubwa na ya taratibu, kama ya mashine. Viatu vya Kabagwira vikateleza sakafuni, hatua mbili, hatua nne. Sasa alikuwa karibu kiasi cha kusikia neno lenyewe: amahoro, amahoro, amahoro, amahoro, bila kituo, bila kuvuta hewa, salamu ya amani iliyosagwa mpaka ikawa mvumo. Akaanza kuhesabu sekunde. Kwenye ishirini vidole vyake vilikufa ganzi, na usingizi mzito ukaanza kumpanda kutoka magotini. Kwenye ishirini na saba kisigino chake kiligonga kizingiti. Akapiga magoti, akaulalia ule mkono kwa mwili wote.

Neno likakatika.

Mgeni akavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyeibuka majini. Hakukasirika. Akaenda kwenye benchi la ukutani, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja, akatulia kama wanavyotulia wachezaji waliotolewa.

Simu ya Kabagwira ikalia. Alikuwa muuguzi wa zamu.

"Mama, kuna habari njema hapa wodini. Mzee Cyriaque amefumbua macho, anaomba chai."

"Na Shami?"

"Shami bado. Tuendelee kumwomba Mungu."

Bila shaka bado. Cyriaque alitoka Jumanne, Shami Alhamisi. Kabagwira alikata simu, akamweleza Régis yote kwa sentensi nne. Régis alimtazama yule wa kwenye benchi, ambaye kifua chake hakikuwa kinapanda tena wala kushuka. Kisha akazima muziki, akakimbilia mlango na funguo mkononi.

"Usifunge," Kabagwira alisema.

"Dada, watakuja wengine!"

"Mmoja anatosha."

Alimwondoa Régis taratibu, akaufungua mlango hadi mwisho, akasimama hatua moja ndani ya kizingiti. Vidole vyake vilikuwa havijarudiwa na hisia. Alivikunjua kimoja kimoja, akasikiliza. Chini kwenye ngazi, mtu alikuwa anapanda, na alikuwa anasema neno moja.

Kabagwira akanyoosha mkono.