Tangu Asubuhi

Folkert alikuwa amekaa jikoni na kofia yake kichwani, anasubiri wageni waondoke ili arudi kwa ng'ombe wake. Mbele yake kulikuwa na sahani aliyoikomba mchuzi wote kwa mkate. Ndivyo walivyo wakulima wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi: hata mmoja wao akishika moto, atakuambia leo kuna joto kidogo.

Wytske, muuguzi wa gari la wagonjwa, aliwajua vizuri kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wao. Aliweka mkoba sakafuni, akavuta kiti.

“Mmeleta gari zima kwa ajili ya mtu mmoja?” Folkert akamwambia Harmen, dereva, aliyekuwa anaingia na mashine ya kupima moyo. “Mngekuja na baiskeli tu.”

“Baiskeli ina pancha, mzee,” Harmen akajibu, akaanza kumbandika nyaya kifuani.

“Samahani kuwasumbua. Ni huyu hapa.” Folkert akamwonyesha mkewe kwa kidevu. “Yeye ndiye aliyepiga simu.”

Jeltje alikuwa amesimama kwenye sinki, anakausha kifuniko cha sufuria.

“Unaumwa wapi?” Wytske akauliza.

“Hapa. Panabana. Siyo sana.”

“Kuanzia sifuri mpaka kumi, ni ngapi?”

“Tatu.”

Wytske akaizidisha mara mbili kimoyomoyo, kama alivyozoea kwa watu wa kwao. “Na maumivu yameanza lini?”

Folkert akatazama dirishani kwanza. “Asubuhi. Wakati wa kukamua.”

Jeltje akageuka. Akafungua mdomo, akamtazama mumewe, akaufunga. Kisha akarudia kukausha kile kifuniko ambacho kilishakauka zamani.

Karatasi ya moyo ilitoka safi. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha tone la damu, kile kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Ni kipimo kizuri, ila kina kasoro moja ambayo Wytske aliijua kama jina lake: moyo unapoanza kuumia, damu huchelewa kusema. Ukipima mapema mno utaona damu safi kwa mtu anayekufa. Lakini maumivu yakiwa ya tangu asubuhi, na mchana umeshaingia, damu safi ni habari njema. Mgonjwa unamwacha kwake, na kitanda cha hospitali kinabaki kwa mwenye shida zaidi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuchuja nani aende na nani abaki, na Wytske alisifiwa kwa kuifanya vizuri.

Damu ya Folkert ilikuwa safi.

“Una uhakika ni tangu asubuhi?” akauliza tena.

“Binti, unataka kunifundisha ninakamua saa ngapi?”

Harmen akacheka. Wytske naye akacheka, na kicheko hicho kitamtafuna mpaka anaingia kaburini. Akampigia daktari, akamsomea majibu, daktari akakubali. Mzee abaki nyumbani, apumzike, daktari wake wa kijijini atapita kesho. Wakanywa kahawa na kipande cha mkate wa sukari, maana ukikataa kahawa katika nyumba kama hiyo umewatukana.

“Yakizidi mtupigie,” Wytske akasema mlangoni. “Usijikaze kisabuni, mzee.”

“Nani, mimi?” Folkert akasema.

Jioni simu ikaita, na anwani ilikuwa ile ile. Harmen aliendesha kwa kasi mpaka mifereji ya pembeni ikawa haionekani vizuri.

Walimkuta kwenye banda, kati ya ng'ombe wawili, mashine za kukamulia bado zinavuta hewa. Harmen akamkandamiza kifua, Wytske akamshtua kwa umeme, wakapokezana, wakamshtua tena. Ng'ombe ambao hawakuwa wamekamuliwa walilia kwa kujaa maziwa. Mwishowe Wytske akasema basi. Akainuka kutoka kwenye majani makavu, akaenda ndani ya nyumba.

Jeltje alikuwa jikoni. Alikuwa ameshatoa vikombe.

“Hayakuanza asubuhi,” akasema.

Wytske, aliyekuwa anavuta kiti, akakiacha.

“Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kula. Akaweka uma chini, akashika kifua, nikapiga simu hapo hapo. Akanigombeza. Akasema watu watamcheka, Folkert anaita gari la wagonjwa kwa kitu kilichoanza sasa hivi.” Akasogeza kikombe, akakirudisha kilipokuwa. “Nilitaka kusema. Lakini mume humbishii mbele ya wageni.”

Wytske akaikumbuka ile sahani. Mtu anabanwa kifua tangu alfajiri, halafu anakomba mchuzi mpaka sahani inang'aa? Ilikuwa mbele ya macho yake muda wote, na yeye akawa anatafuta ukweli kwenye tone la damu.

“Ningesema,” Jeltje akauliza, “mngemchukua?”

Wangemchukua. Wangewasha king'ora bila kumuuliza mtu, na saa hii Folkert angekuwa kitandani hospitalini, analalamika kuwa kahawa yao ni maji ya kuoshea vyombo. Wytske alilijua hilo kama alivyojua kwamba ataamka nalo kila siku.

Akatazama dirishani kwanza.

“Hapana, mama,” akasema. “Isingebadilisha kitu.”

Jeltje aliona macho ya Wytske yalikokimbilia. Alikuwa ameishi na mtu wa namna hiyo tangu ujana wake. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akamimina kahawa.

“Haya,” akasema. “Samahani kwa kuwasumbua mara mbili.”