Plagi za Jumamosi

Fundi alijua ni plagi tangu siku ya kwanza, kabla binti yake hajamaliza kueleza. "Baba, gari inamisi," binti alisema kwenye simu, naye fundi akamwambia afungue boneti, aiache injini iungurume, kisha aiweke simu juu ya kifuniko cha injini. Akafumba macho. Moja, mbili, tatu, halafu pengo mahali ambapo pigo la nne lilipaswa kuwa. Mtu aliyezeekea gereji hahitaji zaidi ya hapo. Plagi zimechoka, zitolewe zote, zitiwe mpya, basi.

Lakini akasema, "Mmh. Tusikurupuke, mama. Tuzichunguze kwanza."

Tusimwonee. Alikuwa akiishi peke yake kwenye vyumba viwili vilivyowahi kutosha watu watatu. Mkewe alishafariki. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, daktari akamkataza usukani, naye akampa binti gari, binti akaondoka nalo kwenda mji anakofanya kazi ya unesi. Simu za binti zilikuwa za kinesi vilevile: umekula, umelala, dawa ya macho umeweka, haya baba, kwaheri. Zilikwisha kabla chai haijapoa. Sasa kwa mara ya kwanza binti alikuwa na shida ambayo baba yake aliiweza.

Kwa hiyo akampa kazi. Jumamosi hii atoe plagi ya kwanza, aisugue kwa brashi, amwambie ncha yake ina rangi gani. Jumamosi inayofuata aiweke ya kwanza mahali pa ya tatu na ya tatu mahali pa ya kwanza, wasikilize kama kumisi kunahama. Ni njia halali, kila fundi anaijua, ila fundi mwenye haya huimaliza asubuhi moja. Huyu aliivuta kama mpira. Binti akanunua spana ya plagi, akajifunza kufungua taratibu bila kulazimisha, na mikono ikiwa kazini mdomo nao ulifunguka. Alimsimulia baba yake kuhusu mgonjwa anayewaita manesi wote shangazi, na kuhusu mwenye nyumba aliyefunga bomba la maji kwa hasira. Walimcheka marehemu mama, ambaye alikuwa akishika mlango kwa mikono miwili kila gari likiingia gia ya tatu.

Kila Jumamosi fundi alinyoa ndevu. Kwa ajili ya simu, jamani.

Jirani yake alikuwa fundi wa nguo, na ili wawili hao wasichanganywe, watu walimwita Fundi Sindano. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao, kwa hiyo aliyasikia yote.

"Fundi, hiyo gari ina plagi ngapi?" aliuliza siku moja akiwa mlangoni, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Nne."

"Nilidhani arobaini."

"Washonee watu suruali zao, uniache."

"Nashona. Ila mtoto anaendesha hicho kitu barabarani."

Fundi alijifanya hakusikia, na hapo ndipo mimi huwa namkasirikia. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba plagi iliyochoka haikuagi siku inapokuacha. Alijiapiza kwamba Jumamosi atasema. Jumamosi ikafika, akasema, "Hebu tujaribu ya pili na ya nne."

Simu iliyofuata haikungoja Jumamosi.

"Baba, leo imenichezea." Binti alikuwa akicheka. "Imenizimia juu ya reli."

"Reli ipi?"

"Ya treni, baba, kwani kuna nyingine? Nimepiga stata weee, wapi. Watu wakanisukuma. Kidogo tu nimevuka, treni hiyo inapita."

Fundi aliketi kitandani.

"Kabadilishe plagi," alisema. "Zote nne. Leo hii, mama, usilale nazo."

"Si ulisema tuzichunguze?"

"Zilishakufa zamani."

"Zamani lini?"

Angeweza kudanganya tena, alishazoea. "Siku ya kwanza uliponipigia. Nilijua."

Magari yalisikika yakipita upande wake, kisha simu ikakatika.

Jumamosi fundi alinyoa kama kawaida, akakaa karibu na simu. Haikulia. Alikuwa na utetezi mmoja tu, na huo aliona haya kuutamka mbele ya mtoto aliyekosakosa kufa. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Jumamosi nyingine ikapita vivyo hivyo. Fundi Sindano hakumtania. Alimletea chakula kwenye sahani iliyofunikwa, na huruma hiyo ikamtisha kuliko utani. Fundi aliwasha redio asiyoisikiliza. Akiizima, nyumba ilikuwa kimya mno hata akawa anasubiri friji ingurume. Alijua amempoteza binti yake, na hakuona wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.

Halafu Jumamosi moja, akiwa hajanawa hata uso, simu ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Gari bado inamisi."

"Hukubadilisha?"

"Wewe sikiliza kwanza."

Akasikia boneti ikifunguka, kisha simu ikitua juu ya kifuniko. Akafumba macho. Injini ilikuwa imetulia, inazunguka safi, mapigo yote yamo. Akasikiliza upya, akilitafuta lile pengo, asilione popote. Plagi zilikuwa mpya kabisa. Gari halikuwa na shida yoyote, na aliyepiga simu alijua hivyo vizuri.

"Umesikia, baba?" Sauti ya binti ilikuwa imerudi karibu, na ilikuwa ya mtu anayelia. "Inamisi. Inamisi sana."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja.

"Nimesikia," alisema. "Hata huku inamisi, mama."