Pindo la Sketi ya Bluu

Baba yangu ni fundi cherehani, na sketi zake za shule zinajulikana kwa pindo pana. "Mtoto hukua, kitambaa hakikui," husema, kisha hukunja upana wa kiganja ndani, na pembeni pia huacha ziada. Pindo la sketi yangu halikuwahi kufumuliwa. Niliolewa nikiwa darasa la sita.

Juzi redio ilitangaza kwamba waliokatishwa masomo na ndoa warudi, wavae sare, wamalizie. Mume wangu akasema, "Baba yako akiridhia, mimi sina neno."

Nikaichukua sketi yangu ya shule, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda. Baba alikuwa kibandani akibishana na jirani yake, fundi viatu.

"Ndoa si likizo," baba alisema huku akikanyaga pedali. "Mke wa mtu apigiwe kengele pamoja na vitoto, nyumba amwachie nani?"

"Sheria imeshapita, fundi, wewe bado unaipima kwa utepe!"

"Nitaipima. Wakubwa wanashona haraka haraka, mishono inakuja kufumukia kwetu."

Fundi viatu alicheka. Mimi maneno niliyoyapanga njia nzima niliyaacha. Nikaiweka sketi mezani, ijisemee yenyewe.

"Shikamoo, baba. Naomba unirekebishie hii."

"Marahaba, mama." Aliigeuza, akalipapasa pindo. "Kumbe bado unayo?" Alinitazama, akamtazama binti yangu. "Nimekuelewa. Pitia kesho."

Nilirudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Nikamwambia mume wangu, "Amekubali."

Kesho yake sketi ilikuwa imetundikwa mlangoni. Ilikuwa fupi, kiuno chembamba.

"Umeona?" Baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona siku nyingi. "Mjukuu wangu ataanza darasa la kwanza na sketi ya mama yake. Wewe nilikuharakisha, mwanangu. Huyu hapana. Atakayeleta posa kabla hajamaliza shule atanikuta na mkasi mkononi."

Binti yangu aliivaa palepale, akazunguka mpaka akapepesuka. Baba akampigia makofi.

"Vipi, mama? Hujaipenda?"

"Nimeipenda, baba. Ahsante."

Niliinama, nikaanza kuokota vipande vya bluu chini ya cherehani.

"Hivyo vya nini tena?"

"Vya kufutia meza," nikasema.