Debe la Kona ya Levina

Kwanza tuelewane: Maximilian alikuwa fundi, tena si fundi wa kubahatisha. Kuanzia Mkula mpaka Ifakara mjini, pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, ikizima katikati ya jaruba la mpunga msimu wa kulima, jina la kwanza kutajwa lilikuwa lake. Alikuwa anatega sikio kwenye injini, anafumba jicho moja, anakwambia ugonjwa kabla hujamaliza kumwamkia. Ila mafundi wa namna hii wana ugonjwa wao mmoja, nao ni mkubwa: hawaulizi. Na kuuliza si ujinga, tumeimbiwa hivyo tangu tukiwa darasa la kwanza.

Siku ya kumaliza msiba wa kaka yake Evod, vitu vya marehemu vilitandazwa mkekani ili kila ndugu achukue kumbukumbu. Makoti yakachukuliwa. Baiskeli ikachukuliwa. Redio ikagombaniwa na mashangazi wawili mpaka watu wakaona aibu. Mwisho kikabaki kigari cha rimoti, kirefu kama mkono toka kiwiko hadi vidoleni, bodi ya bluu iliyopasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Kilikuwa cha daraja la chini kabisa, kile cha mtu anayeanza. Ndugu wakacheka. Maximilian akanyoosha mkono.

"Hicho nipeni mimi."

"Hicho hakigawiwi," akasema Levina, mjane wa Evod.

Sasa, kigari hicho kilikuwa na historia. Kila Jumapili baada ya misa ya pili, msimu wa mavuno ukishapita, Evod na wenzake watatu walikuwa wanakutana kwenye sakafu ya kuanikia mpunga, pale kwenye mashine ya kukoboa nyuma ya soko. Sakafu ya saruji, pana, haina kitu. Wanapanga madebe manne kwenye pembe nne, wanashindana. Wanaume wenye mvi! Maximilian alisikia habari hizo na hakuwahi kwenda hata mara moja. Mtu mzima kucheza na gari la mtoto, alisema, ni kukosa kazi. Evod alimwalika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akaacha. Miaka sita hiyo. Na sasa Maximilian alikuwa amesimama mbele ya mkeka, anakitaka kigari kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

"Shemeji," akasema, "nipe hicho tu. Sina kitu kingine chake."

Levina akakiokota kigari. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo, hata msiba haukuwa umemfunga. "Jumatatu ijayo, si hii ya kesho, naenda zangu Chita kwa kaka zangu, na gari hili naondoka nalo. Lakini kwa kuwa wewe ni mume wangu mdogo, nakupa Jumapili moja. Liendeshe pale sakafuni mizunguko mitatu. Nikisikia ni lile lile, baki nalo. Nisiposikia, usiniombe tena."

"Ukisikia? Si uangalie?"

"Miaka yote sita sikuwahi kuliangalia. Nilikuwa nakaanga."

Ni kweli. Levina alikuwa anauza vitumbua kwenye pembe ya debe la nne, uso kwenye chuma cha vitumbua, mgongo kwa wachezaji.

Maximilian akaenda nalo nyumbani anachekelea. Mizunguko mitatu? Yeye? Jumatatu asubuhi akalifungua lote juu ya gunia, na alichokiona kikamsikitisha. Magurudumu yalizungukia kwenye bushi za plastiki, si beringi. Shokapu za nyuma zilijazwa mafuta mazito kama uji, za mbele mepesi. Tairi la nyuma kulia lilikuwa na kiraka cha malapa kilichotokeza. Na kwenye rimoti, ile ya kushika kama bastola, kifundo kidogo cha kunyooshea usukani kilikuwa kimesukumwa kushoto kabisa, na pembeni yake tone la rangi nyekundu ya kucha.

"Masikini kaka yangu," akasema kwa sauti, "ulikuwa unateseka na huna wa kukusaidia."

Basi akamsaidia. Aliingia mifukoni, akaagiza mota kali iliyokuja na basi kutoka Dar, na matairi mapya laini. Beringi alizing'oa kwenye mashine mbovu ya fotokopi, vidude vidogo kama punje za mahindi, na hapo ndipo ufundi wa pawatila ulipomponza. Pawatila inakula matope, kwa hiyo beringi yake unaishindilia grisi mpaka itoe ulimi nje. Maximilian akazishindilia grisi beringi zile kwa upendo wote wa ndugu. Akasawazisha mafuta ya shokapu, mbele na nyuma sawasawa. Akapiga alaimenti kwa uzi, magurudumu yote yaelekee mbele sawasawa. Kifundo cha rimoti akakirudisha katikati, panapostahili.

Alhamisi jioni akaenda sakafuni kujaribu. Seni alikuwepo, Msukuma mmoja mkulima wa mpunga, mpinzani mkubwa wa Evod, anafuta gari lake jekundu kwa kitambaa. Levina naye alikuwa pale, anaosha vyombo vyake.

Gari lilitoka kama limechomwa mwiba. Mbio kama nyoka! Mzunguko wa kwanza Maximilian akacheka mwenyewe. Wa pili, mkia ukaanza kufagia kila lilipopita kwenye maungio ya saruji. Wa tatu likapunguza, likakohoa, likasimama, moshi mwembamba ukatoka kwenye mota.

Seni akaligeuza. Vumbi la pumba, ambalo kwenye mashine ya kukoboa halikosekani hata ufagie vipi, lilikuwa limeingia kwenye grisi, na vyote pamoja vimekuwa donge.

"Ng'wanawane," akamwita Seni, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "umelilisha gari ugali."

Akacheka mpaka akakaa chini. Maximilian alitamani sakafu impasukie. Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa neno la Levina, ambaye hakuwa hata amegeuka.

"Hilo lilikuwa nyuki. Gari la mume wangu halikuwa nyuki."

Hapo, ndugu zangu, baada ya miaka arobaini na saba ya kuishi duniani, fundi Maximilian akauliza swali. Akaenda akachuchumaa karibu na beseni la vyombo.

"Shemeji, lilikuwa linaliaje?"

Levina akaacha kusugua. "Likinyooka linapiga pa-pa-pa-pa, kama mtu anayetembea na malapa. Likiingia kwenye kona linanyamaza kidogo. Likitoka, pa-pa-pa tena. Basi mimi nikisikia limekuja mbio kwenye debe langu nampigia kelele, 'Evod, utagonga debe!' Naye ananijibu, 'Debe ndilo linanifuata!' Kila Jumapili. Jibu hilo hilo. Nilikuwa naona linachosha." Akachukua sufuria nyingine. "Sasa natamani linichoshe."

Maximilian akainuka. Akaondoka na gari lake lililoshiba ugali.

Ijumaa alifanya kazi ambayo hakuna fundi anayeipenda: kurudisha alivyoviona vibovu. Na katika kurudisha ndipo akaanza kuelewa, kimoja kimoja, na kila kimoja kilimchoma. Bushi za plastiki hazijali pumba, zinajisaga nayo na kuendelea. Mafuta mazito nyuma yalikuwa ya kuutuliza mkia kwenye maungio ya saruji. Kiraka cha malapa kilikuwa kwenye tairi la ndani ya kona: likiinuka linanyamaza, likitua linashika, wakati mpira laini ungeteleza kwenye saruji iliyosuguliwa na mpunga miaka yote hiyo. Evod hakuwa anateseka. Evod alikuwa ameisoma sakafu ile kama padri asomavyo misale.

Malapa! Huko kijijini Kisawasawa, walipokuwa wadogo, matairi yote ya dunia yalikuwa malapa. Unakata duara kwa wembe, unatoboa kwa msumari wa moto, unakaza kwa waya. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia, usukani ni fimbo ndefu. Malori ya miwa yakipita barabarani wanayaangalia mara moja tu, jioni Evod ameshatengeneza lake, mpaka na vioo vya pembeni. Wanaliendesha kutoka nyumbani hadi shamba, midomo ikifanya kazi ya injini, na mama anawaita mara tatu wasisikie. Lo, siku zile! Njaa ilikuwepo, funza walikuwepo, baba yao Teofili, katekista, na fimbo yake walikuwepo. Lakini ukimuuliza Maximilian leo lini alikuwa tajiri, atakwambia ni pale.

Jumamosi akakirudisha kifundo cha rimoti kwenye alama nyekundu. Akajaribu uani. Gari likavuta kushoto. Akalinyoosha kwa kidole, likavuta kushoto. Akapima alaimenti, sawa. Akapima tena, sawa. Akitaka liende moja kwa moja, lazima akitoe kifundo kwenye alama. Lakini alishajifunza adabu. Akakaa chini na rimoti mapajani, akaitazama kama anavyotazama mikono ya pawatila iliyotumika. Maana chuma au plastiki havina unafiki: vinalika pale vinaposhikwa.

Rimoti ile imetengenezwa ishikwe kwa mkono wa kushoto, wa kulia uzungushe kigurudumu cha usukani. Hii ilikuwa imelika kinyume. Mpini ulikuwa umeng'aa kwa kiganja cha kulia, na sifongo ya usukani ilikuwa imebonyea alama ya dole gumba lililokuja kutoka upande usio wake.

Maximilian akaiweka rimoti chini taratibu, akafunika uso.

Evod alikuwa mashoto. Magari yale yote ya malapa yalitoka mkono wa kushoto. Nyumbani alikula kwa mkono wa kulia kama kila mtu, lakini porini, kwenye waya na wembe, aliuachia mkono wake ufanye unavyojua. Siku moja alimnyima Maximilian lori lake jipya. Maximilian, miaka saba, akaenda moja kwa moja kwa baba akamwambia: Evod anaandika kwa mkono wa kushoto shuleni. Na baba, aliyeamini mkono huo ni wa aibu, hauamkii mtu wala haupokei kitu, akaufunga kwa kipande cha kanga mgongoni. Wiki tatu. Wiki ya pili Evod akamletea mdogo wake zawadi: gari alilolitengeneza kwa mkono wa kulia peke yake. Lilikuwa baya, linavuta upande. "La kwako," akasema. Hakusema kingine, si siku hiyo wala siku nyingine. Na Maximilian hakuwahi kuomba msamaha, maana tangu lini mtoto aliyesema kweli akaomba msamaha?

Alilia pale uani kwa sauti, jirani akachungulia, akaona mtu mzima na kigari, akarudi ndani.

Kisha akafuta uso, akaishika rimoti kwa mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto mbele yake mpaka kwenye usukani. Mkono ukaulalia usukani, ukauvuta kulia kidogo kwa uzito wake wenyewe. Gari likaenda. Lilinyooka kama uzi.

Jumapili baada ya misa ya pili, madebe yalikuwa yamepangwa. Seni alikuwa tayari na gari lake jekundu. Levina alikuwa amekaa mahali pake, mgongo kwao, mafuta yanachemka. Vitu vya safari ya Chita vilikuwa vimeshafungwa nyumbani, hilo kila mtu alilijua.

"Unaishikaje hiyo?" akauliza Seni. Halafu akaona ni mshiko wa Evod, akavua kofia.

Mzunguko wa kwanza Maximilian aliendesha vibaya, aibu tupu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mjinga, haujawahi kuaminiwa kazi. Gari likapanda kingo, likarudi. Levina alimimina unga kwenye chuma. Mzunguko wa pili ukawa afadhali. Pa-pa-pa-pa, kimya, pa-pa-pa. Seni alikuwa ameshampita mbali na hakumtania. Maximilian aliendelea kuuambia mkono wake kwa sauti ya chini, taratibu, taratibu, hakuna atakayekufunga.

Mzunguko wa tatu mkono ukaelewa. Debe la kwanza, la pili, la tatu, kisha ule mwendo mrefu wa kuelekea kwenye vitumbua, pa-pa-pa-pa-pa, mbio kuliko alivyokusudia.

"Evod, utagonga debe!"

Lilimtoka Levina lenyewe. Uma wa kugeuzia ukabaki hewani. Hata aliyekuwa anatafuna kitumbua aliacha.

Maximilian alijua jibu. Lakini macho yalijaa maji, debe moja akaliona mawili, na gari likaenda likaligonga katikati, ngaa!, likalala chali huku magurudumu yakizunguka.

Levina akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mchezo ule uanze, akageuka. Akalitazama gari, akaitazama mikono ya shemeji yake ilivyopishana kwenye rimoti, wa kulia chini, wa kushoto juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Haya, sema," akasema. "Si nimekupigia kelele?"

"Debe," akasema Maximilian, "debe ndilo linanifuata."

"Linachosha hilo jibu," akasema Levina. Akainuka, akaliokota gari, akalipangusa pumba kwa upande wa kanga yake, akampa mkononi. Maximilian akalipokea kwa mkono wa kushoto.