Hesabu Mpaka Tatu

Mama alikuwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, taya amezikaza, mkoba kaukumbatia kifuani kana kwamba tumekuja kumwibia. Alikuja kung'oa gego lililomnyima usingizi wiki nzima, na sasa hataki kufungua mdomo. Daktari alishika sindano ya ganzi chini ya kiti, mahali ambapo wagonjwa hawaioni. Mimi nilisimama upande wa pili na trei yangu. Mama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Itauma?" akauliza bila kuachanisha meno.

Kabla sijasema nilimjibu nini, nieleze kwanza jinsi swali hilohilo lilivyokaribia kunitoa kwenye chumba kile.

Nilizaliwa na mdomo usio na breki. Mjomba alipomleta mchumba wake nyumbani, mimi nikiwa mtoto mdogo, nilimpa mgeni mkono nikamweleza kwamba yule wa kwanza alikuwa mrefu zaidi. Mama alinivuta mpaka jikoni, akanibana midomo kwa vidole viwili, akaniambia mdomo uliponza kichwa. Vidole vile nilivizoea. Utoto wangu wote nilijua kwamba nina kasoro moja kubwa, nayo ipo hapa chini ya pua ambapo kila mtu anaiona.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa daktari wa meno, nilijivunia mikono. Kioo, kibano, pamba, sindano, koleo: nilivipanga kwenye trei hivi kwamba daktari angenyoosha mkono bila kugeuza kichwa na kukuta anachokitaka. Hakuna aliyewahi kunisifu. Nilijiliwaza kwamba chema chajiuza.

Daktari wetu alikuwa mtu mpole na, kama wapole wengi, mwongo wa kiasi. "Haitauma hata kidogo," angesema. "Nahesabu mpaka tatu, halafu nachoma." Kisha alichoma kwenye mbili, kabla mgonjwa hajajikaza. Ujanja huo aliurithi kwa mwalimu wake, naye aliamini kwa moyo safi kwamba ni huruma.

Siku moja mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu akaniuliza kama sindano inauma. Nikamwambia inauma. Akashuka kwenye kiti, akatushukuru, akaenda zake na jino lake.

"Binti," daktari akaniambia jioni ile, akivua glavu taratibu, "watu hawaji hapa kutafuta ukweli. Wanatafuta nafuu."

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi kuufundisha ulimi wangu adabu. Nikishindwa, nitahamia chumba cha nyuma kuchemsha vyombo. Nilikipenda kile chumba cha kiti kuliko chumba chochote nilichowahi kuingia, na maneno yale yaliniuma sana. Kuhusu trei hakusema hata neno.

Nikaanza mazoezi nyumbani. Dada yangu mkubwa alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaachama, nami nikamwinamia na tabasamu. "Haitauma hata kidogo, mpenzi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mdogo wangu, ukisema hivyo unafanana na mtu anayeuza gari bovu. Mimi ningekimbia."

Nikakata shauri kunyamaza kabisa. Nikawa kimya kama maji mtungini, natabasamu tu, na nadhani tabasamu lile liliwatisha watu kuliko koleo.

Ndipo akaja fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miraba minne, shavu limevimba. Tulimjua. Mwaka uliotangulia alichomwa kwenye mbili akatoka mbio, miguu niponye, kitambaa cha kifuani bado kikining'inia shingoni. Sasa daktari alipoanza, "Moja," fundi akamshika mkono, kwa upole, kama unavyomzuia mtoto asiguse pasi.

"Daktari, mimi na wewe tunajuana," akasema. Akanigeukia. "Dada, hebu niambie wewe. Hiyo sindano itauma?"

Nilimtazama daktari. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nikakiona chumba cha nyuma, mvuke wake na dirisha lake lisilofunguka. Nikafungua mdomo nikiwa nimekusudia kabisa kudanganya.

"Itauma," nikasema. "Kama kuumwa na nyuki, na nyuki huyu hana haraka. Baada ya hapo shavu litakufa ganzi. Wakati wa kung'oa utasikia kusukumwa, na mlio kama wa ubao unaopasuka. Mlio usikutishe. Na daktari huwa anachoma kwenye mbili."

Masikio yaliniwaka moto.

"Nilijua mimi," fundi akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. Akamwachia daktari mkono. "Basi hesabu wewe, dada. Na tatu iwe tatu."

Daktari aliangalia dari, kisha sindano, kisha mimi. "Haya, hesabu," akasema.

Nikahesabu. Tatu ikawa tatu. Fundi aling'ang'ania kiti, machozi yakamtoka, lakini hakusogea. Wakati wa kuondoka alijaribu kunishukuru na pamba mdomoni, nisielewe hata neno. Ila pamba haikai mdomoni milele, na karakana yake ipo kwenye njia ya watu. Haukupita muda wagonjwa wakaanza kuuliza mapokezi: yule dada anayehesabu yupo leo? Hata mama wa miwani ya dhahabu akarudi na jino lake.

Daktari hakugusia tena habari za mwisho wa mwezi. Alisogeza tu kistuli changu karibu na kichwa cha kiti, mahali ambapo mgonjwa ananiona. Nilifurahi mno, sifichi, ingawa kijiba kidogo kilinibaki rohoni. Watu wote wale niliwapangia trei safi namna ile, wao wakausifu mdomo. Mpaka leo hakuna aliyeiona trei.

Basi mama naye, baada ya kuzunguka wiki nzima na dawa za maumivu, akaja mwenyewe mapokezi akaniulizia.

"Itauma, mama," nikamjibu.

"Sana?"

"Kwa pumzi mbili tatu. Nami nipo hapa."

Mama akanyanyua mkono, nami nikadhani najua vile vidole viwili vinakoelekea. Akanikabidhi mkoba.

"Haya, hesabu," akasema. "Na usiruke."

"Moja," nikasema, na mama akafungua mdomo.