Moyo wa Winchi

Kwenye kazi ya kuhamisha samani walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa huruma. Kochi zito alilipandisha ghorofani kinyumenyume huku akimtania shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeshika upande wa chini.

"Panda, shemeji! Au nguvu zote za kwenu alichukua dada yako?"

Mwaka mmoja utani ulikauka. Winchi akawa anaamka kama mtu ambaye hakulala. Jioni miguu ilivimba hadi viatu vikagoma kuvulika. Na moyo nao ulikuwa na mambo yake: unakimbia, unajikwaa, unasita, unakimbia tena, hata akiwa ameketi tu nyuma ya lori. Akauzoea. Mkewe alipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nimechoka tu, mke wangu. Nani hachoki?"

Akajikaza kisabuni mpaka siku walipopandisha friji la mwalimu mmoja. Kwenye kona ya ngazi mikono ilimwishia nguvu ghafla.

"Shemeji, shika..."

Friji likateleza, likambana shemeji mguu ukutani. Winchi aliporomoka akakaa kwenye ngazi, pumzi hana, akimsikia mwenzake anapiga kelele na asiweze kunyanyuka kumsaidia. Ni wenye nyumba waliowakimbiza hospitali wote wawili.

Nesi alianza na mguu uliokuwa ukivuja damu. Kisha akamtazama Winchi. "Na huyu?"

"Mimi mzima," Winchi akajibu. "Uchovu tu."

Nesi alimshika kifundo cha mkono kupima mapigo, akakaa nacho muda, halafu akaenda kumwita daktari.

Vipimo vilipotoka, daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mapigo ya moyo wako yamevurugika, na naona si ya jana. Moyo umekimbia miezi mingi bila kupumzika, hadi msuli wake umelegea. Hausukumi damu ipasavyo."

"Si mizigo iliyouchosha?"

"Mizigo umeibeba na moyo ambao tayari ulikuwa mbioni. Hata usingizini ulikuwa unakimbia."

Winchi aliinamisha kichwa. Hilo alilielewa.

"Moyo utapona?"

"Tukiyatuliza mapigo, msuli mara nyingi hurudisha nguvu. Pengine si zote. Na si haraka."

Akapewa dawa za kupunguza mbio, za kutoa maji mwilini, na za kuzuia damu isigande. Wiki kadhaa baadaye wakamlaza usingizi, wakaushtua moyo kwa umeme mpaka ukashika mwendo wake. Alipozinduka aliweka kiganja kifuani. Kimya. Akashikwa na hofu, akadhani umesimama.

"Ndivyo unavyotakiwa," nesi akamwambia. "Moyo mzuri haujitangazi."

Shemeji alikuja kumwona akichechemea na gongo.

"Kwa nini hukusema? Ungeniua pale."

"Ningesema nini? Kwamba Winchi amechoka?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Kisha shemeji akashusha pumzi. "Mimi mguu mmoja, wewe moyo nusu. Dada yangu hapo ana mzigo wa kubeba." Winchi alicheka, akalazimika kuacha ili apumue.

Miezi ilipita. Kipimo kikaonyesha msuli umepata nguvu, ingawa si kama zamani. Vizito akakatazwa moja kwa moja. Shemeji akatafuta mtu mwingine wa kubeba naye, Winchi akabaki kwenye lori, akifunga kamba na kupanga nini kitangulie kuingia.

Alasiri moja mwenye nyumba alimletea sanduku la vyombo. "Baba, hebu pokea hili."

"Samahani, mimi sibebi."

Maneno yalimtoka kwa shida, kama ya mtu mwingine. Shemeji akaja, akalichukua sanduku, akaendelea na kazi bila kugeuka. Winchi akaegemea ubavu wa lori, akafunga macho, akapumzika.